Koki ya Chumvi

Mafuta ya mrehani ya mkato wa kwanza yalipotoka mtamboni, Faki hakusema neno. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno mengi, hata wenzake walimbandika jina la Redio, kwa hiyo kimya chake kiliwafanya wachumaji waache vikapu vyao wamtazame. Alichovya ncha ya kijiti ndani ya chupa, akapaka tone mgongoni mwa mkono wake, akalifikicha, kisha akauingiza mkono katika sanduku la kioo alimofugia mbu. Walikuwa mbu wa kinamasi, weusi wenye miguu mirefu, waliozuka tangu bahari ilipoingia kwenye mabonde ya mpunga na isitoke tena. Dawa za zamani waliziona kama marashi. Lakini asubuhi ile walikimbilia upande wa pili wa sanduku, wakagandana kwenye kioo, na mkono wa Faki ukabaki peke yake.

"Tangu mtambo huu uwashwe," Faki alisema hatimaye, "hayajatoka mafuta kama haya."

Vigelegele vikapigwa. Wachumaji wakamzunguka Sabiha, msichana mwembamba mwenye aibu, ambaye alikuwa mwonja kiu wa kitalu cha mirehani na huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza. Ada ilikuwa kwamba tone la kwanza linapakwa kwenye kifundo cha mkono wa mwonja, halafu ndipo wengine wapakwe. Faki akaifuata ada.

Mize, mama yake Sabiha, alikuwa amesimama karibu na mlango. Mkono wake ulikuwa umeshatoka nje ya kanga wala hakuwa na habari nao. Kwa miaka mingi tone lile lilikuwa lake, na mkono ulikuwa umezoea. Faki alipomfikia, kijiti kilikuwa kimekwisha kukauka. Alimtaka radhi, akataka kurudi kuchovya upya, lakini Mize alikuwa amekwisha kuurudisha mkono ndani.

"Mashallah," alisema. "Mungu amzidishie."

Neno lilitoka vizuri, tena kwa sauti ya mzazi aliyefurahi. Lililobaki kifuani lilikuwa jingine.

*

Mrehani ukinyweshwa maji matamu ya kushiba hunenepa. Majani yake huwa mapana kama viganja vya mtoto, na ukiyafikicha hayanukii zaidi ya nyasi. Ukiunyima maji kidogo na kuutilia chumvi kidogo, huingiwa na hofu: hupunguza kukua, majani huwa madogo, na vile vifuko visivyoonekana kwa macho juu ya jani hujaa mafuta makali. Ukipitiliza, hujifunga pumzi, kingo za majani huungua, na mafuta hupotea pamoja na mti wenyewe. Njia ya katikati ni nyembamba, nayo huhama kila siku kwa jua na kwa upepo. Wataalamu walikuwa wameleta vipima vya kila namna, navyo vilisoma heri mpaka kitalu kizima kikanyauka.

Ndipo wakaja na nyuzi. Zilikuwa laini kama utando wa buibui, zikapandwa pamoja na miche, zikashikamana na mizizi, na habari zake zikapelekwa kwenye ushanga mdogo ulioshonwa chini ya ulimi wa mtu. Mirehani ikiona kiu, mtu yule huona kiu. Kipima hakitaki kuishi. Mtu anataka, na anayetaka kuishi hujua pa kukomea.

Kwa hiyo kila asubuhi Sabiha alikaa kwenye mkeka katikati ya miti, na nyuma ya ukuta wa mbao, asikoweza kuona, alikaa mama yake mbele ya koki mbili, moja ya maji ya tangi la mvua na moja ya maji ya kisima kilichoingia chumvi. Ukuta uliwekwa ili macho yasiufundishe ulimi. Mwonja alisema, mshika koki akatenda, na kanuni ya kitalu ilikuwa kwamba neno la mwonja halipingwi.

Mize aliijua kazi ile kwa upande wa pili pia, ule wa mkekani. Aliijua kiu ya ukame, ambayo hukausha koo tu, na aliijua kiu ya chumvi, ambayo ni nyingine kabisa. Katika kiu ya chumvi maji yako miguuni pa mti na hayanyweki. Mwonja hunywa kata nzima na kiu ikapanda badala ya kushuka, halafu chumvi yenyewe huanza kupenya, na mtu huhisi ncha za vidole zikimuungua ilhali vidole ni vizima. Mize aliistahimili kuliko yeyote. Alikuwa haombi kufungiwa koki mpaka midomo ichanike. Wageni walivuka maji kuja kumtazama, na chupa za mafuta ziliandikwa jina lake, mpaka msimu mmoja ulimi ukanyamaza. Haukusikia tena kiu ya mirehani, wala haukusikia tena sukari, pilipili wala ndimu, na pua nayo ikafuata. Nyumbani mchuzi wake huonjwa na Sabiha, ambaye husema kwa upole, "Mama, leo chumvi imezidi kidogo," na Mize hutabasamu huku akitamani kulitupa sufuria.

Kama Sabiha angekuwa mstahimilivu kumshinda, Mize angeweza kulimeza hilo. Lakini mtoto huyu hakustahimili chochote. Kiu ikianza tu kuuma, alisema inatosha, na baada ya kila siku ya kuminywa aliomba mirehani ipumzishwe, inyweshwe maji matamu siku nzima, kisha ndipo ibanwe tena. Mize alikubali kwa sababu ya kanuni, huku akingoja aibu imkute binti. Badala ya aibu yalikuja yale mafuta. Mti uliowahi kubanwa na kuachiwa ulikuwa umejifunza. Ukibanwa mara ya pili haukuhitaji maumivu mengi ili ujaze vifuko vyake. Msichana mwoga alikuwa amefika kwa kucheka mahali ambapo mama yake hakuwahi kufika kwa kulia. Na ikiwa ni hivyo, basi ulimi wa Mize ulikufa kwa ajili ya nini? Swali hilo alilisukuma nyuma kila lilipokuja, nalo likawa linarudi limevaa sura ya mtoto wake.

*

Siku chache baada ya sherehe, Mbarouk, sheha wa kijiji chao cha Micheweni, alikuja kitaluni. Alikuwa mtu mzima asiyependa kuomba, na alipoomba alitazama chini. Alieleza kwamba homa ya kinamasi imeshaingia vijiji vya kaskazini mapema kuliko miaka mingine. Mafuta ni mazuri, watu wanashukuru, lakini nguvu zake huisha kabla ya alfajiri, na saa hiyo ndiyo mbu huingia vyumbani kwa watoto. Aliuliza kama mkato wa pili ungeweza kuwa mkali zaidi.

Sabiha aligusa jani la mrehani uliokuwa karibu naye. Akamjibu kwamba jani limefika mwisho wake; likisukumwa zaidi, mti utaumia.

"Kidogo tu, binti yangu," sheha alisema.

"Kidogo ndicho nilichokwisha chukua, babu."

Sheha hakumlazimisha. Alishukuru, akaenda zake. Mize alikuwa upande wa pili wa ukuta, na aliyasikia yote. Njiani kwenda nyumbani aliwaza juu ya watoto wa kaskazini, na moyo wake ulikuwa mweupe kwa hatua kadhaa. Kisha akawaza kwamba yeye asingekataa. Angekaa pale mkekani mpaka midomo ichanike, na sheha angeondoka na jibu. Mawazo hayo mawili yalitembea naye bega kwa bega hadi mlangoni, na alipoingia ndani hakuweza tena kuyatofautisha.

Kesho yake, Sabiha aliposema inatosha, Mize aliifunga koki ya chumvi kama alivyoambiwa. Halafu akaifungua tena, mzunguko mdogo.

Alisikia Sabiha akiichukua kata na kunywa. Baada ya muda alimsikia akinywa tena.

"Mama, funga chumvi."

"Nimefunga."

Upande ule wa ukuta msichana alikuwa akijisikiliza.

"Mbona haipungui?"

"Koki imefungwa, mwanangu," Mize alisema. "Pengine ni ulimi."

Hakuwa amepanga kusema vile. Lakini aliposema alihisi kitu kikilegea ndani yake, kama mtu aliyefunguliwa mkanda, na hiyo ndiyo sehemu ambayo baadaye hakuweza kumsimulia mtu. Ng'ambo ya mbao alisikia mtoto wake akianza kujitilia shaka, na akaona raha.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mize alifungua zaidi ya alivyoambiwa, na alipoambiwa ainyweshe miti maji matamu ya mapumziko, aliyachanganya. Alijiambia ni kwa ajili ya kaskazini. Sabiha alikonda. Usingizi ulimpaa, midomo ikampasuka, akawa anatembea na kata mkononi kama mwendawazimu wa maji. Wala hakumlaumu mtu. Ushanga haukuweza kutolewa kabla ya mavuno, na neno la mama yake lilikuwa kwake kama ukuta wa nyumba. Hakuna mtu anayeupima ukuta wa nyumba yake kila asubuhi kabla ya kuuegemea. Aliacha kusema inatosha. Aliona kama ulimi wake unamdanganya, basi heri anyamaze, asije akaiharibu dawa ya watu.

Jioni moja, wakitwanga uwanjani kwao, alimuuliza mama yake swali bila kuinua macho.

"Wako ulianzaje? Ulimi wako, ulipoanza kufa."

Mchi wa Mize ulibaki hewani. Ulimi wake haukuwahi kumdanganya hata siku moja. Ulimwambia kweli, ukapiga kelele ya kweli, mpaka siku uliponyamaza. Hapo palikuwa na mlango wa kukiri, na Mize aliuona uko wazi.

"Ulianza kuniongopea," alijibu, na mchi ukashuka.

*

Mkato wa pili ulitoa majani machache. Vikapu vilirudi nusu, na wachumaji walinong'ona kwamba kingo za majani zina rangi ya kahawia. Lakini mafuta yalipotoka, Faki alipaka mkono, akauweka sandukuni, na mbu waliokuwa karibu walianguka. Alipaka tena jioni, akalala nayo, na asubuhi yake akaja kuuonyesha mkono ule ule mbele ya watu wote, na sheha akiwepo. Mbu bado waliukimbia. Hayo yalikuwa mafuta ya kumfikisha mtoto alfajiri.

Sheha alifumba macho akashukuru. Faki akachovya kijiti na kumwendea Sabiha, akasema ulimi ule wautunze kama mboni ya jicho, maana haujapata kuwapo mfano wake.

Sabiha aliurudisha mkono nyuma. Akawaambia watu, kwa sauti iliyokauka, kwamba hastahili lile tone. Tangu mkato wa kwanza ulimi wake ulikuwa unamwambia uongo, alikuwa akisikia chumvi isiyokuwepo, na alikuwa amekusudia leo kuomba apumzishwe, awekwe mwingine. Mafuta haya yametoka kwa bahati tu. Wanawake wakaguna kwa kumhurumia, na mmoja akasema, "Tazameni adabu ya huyu mtoto."

Mize alisikia kijiba cha roho kikimpanda mpaka kooni. Kazi ilikuwa yake. Mkono ulioyatoa mafuta yale ulikuwa huu, uliofichwa ndani ya kanga, na hata hapa, hata msichana mwenyewe alipokataa sifa, sifa zilimfuata huko huko alikokimbilia.

"Ulimi wake haukukosea," Mize alisema. "Chumvi ilikuwepo. Niliifungua mimi."

Hakusema kwa majuto. Alisema kama mtu anayedai chake, na alipoinua uso alikuwa akingoja watazamaji wake wa zamani. Nao walimtazama, kweli.

Sabiha hakulia wala hakupiga kelele. Kwanza uso wake ulionyesha nafuu, nafuu kubwa ya mtu aliyeambiwa kwamba hana wazimu. Halafu nafuu ikaondoka, na lililokuja baada yake Mize hakuweza kulitazama.

Aliyezungumza alikuwa sheha. Mize alitarajia laana. Lakini Mbarouk alikuwa na wajukuu kaskazini, naye aliuliza kwa sauti ya chini, tena huku anaona haya, "Je, inaweza kufanywa tena?"

Swali lilikuwa limetolewa kwa Mize, lakini macho, moja baada ya jingine, yalimwendea Sabiha. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae tena katika kiu ile. Walimtazama tu, na kila mmoja alikuwa na mtoto fulani kichwani.

"Mkinitaka nikae," Sabiha alisema, "nitakaa."

Mize aliona jinsi walivyomtazama baada ya maneno hayo. Yeye mwenyewe hakuwahi kutazamwa hivyo maishani mwake, hata katika miaka yake bora, na wivu ulimuuma upya, ukali ule ule. Kisha akaiona kata mkononi mwa binti yake. Ilikuwa tupu, na Sabiha alikuwa akiipeleka mdomoni hata hivyo, bila kujua, akijaribu kunywa.

Akajua la kusema, na akajua bei yake. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, mafuta haya yangebaki kuwa ushahidi kwamba njia yake ndiyo njia, na kwamba ulimi wake ulikwenda kwa jambo lililostahili.

Aliingia kitaluni, watu wakamfuata wasijue anakokwenda. Akaushika mrehani wa kwanza aliofikia, akaung'oa, na ukatoka bila kushindana. Mizizi yake ilikuwa ya kahawia, inateleza kama uzi uliooza.

"Mkato wa tatu haupo," alisema. "Chumvi hukupa mara moja, halafu hula shina. Katika miaka yangu tulikata mara mbili tukang'oa. Tukasema ndiyo tabia ya mrehani. Si tabia yake. Tulikuwa tunauua." Akamwelekezea Sabiha kidole. "Huyu angekata msimu mzima. Alikuwa anaupumzisha, na mimi nikamcheka. Njia yake ndiyo. Yangu ilikuwa hasara, na ulimi wangu umekufa bure."

Sheha aliuliza, basi alfajiri ifanyweje. Sabiha ndiye aliyemjibu, akiwa amempa mama yake mgongo. Mafuta ya njia yake huisha usiku wa manane, alisema, lakini yakiwa mengi, kuna ubaya gani mzazi kuamka akampaka mtoto mara ya pili? Walikuwa wakitafuta tone moja lenye nguvu kwa kuwa walizoea kuwa na matone machache.

*

Kuitoa chumvi kwenye mizizi kulihitaji maji matamu mengi, na maji matamu yalikuwa ya kunywa watu. Sheha aliruhusu tangi la kijiji lifunguliwe. Watu walibeba ndoo, wakajinyima, na kwa siku kadhaa Micheweni nzima ilikuwa na kiu pamoja na mirehani yake. Mize alibeba pia. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyempokea ndoo. Miti mingi ilikufa. Iliyobaki ilisimama kama vijiti, ikakaa hivyo mpaka watu wakaanza kukata tamaa, kisha ikachipua.

Sabiha alihamia kwa shangazi yake. Aliposhauriwa amsamehe mzazi wake, alisema kwamba mama ni mama na atamzika kwa heshima siku ikifika, lakini kwenye koki asimwone tena. Kiti cha mshika koki akapewa Faki.

Mize hakuondoka kitaluni. Hakuwa na kazi nyingine aijuayo, na wachumaji walikuwa pungufu. Alipewa kikapu na safu ya mwisho, karibu na ukuta wa mbao, na huko ndiko alikokuwa asubuhi ya siku ya kwanza ya kuibana mirehani upya. Aliinama akichuma majani madogo ya juu, asisikie harufu ya kitu.

Kupitia mirehani alisikia sauti ya Sabiha mkekani. Haikuwa na hofu ndani yake.

"Inatosha," Sabiha alisema.

Nyuma ya mbao koki ikalia mara moja, ikafungwa. Sabiha hakuuliza kama imefungwa, na Faki hakusema. Kisha Mize akasikia binti yake akivuta pumzi ndefu na kuiachia.

Alisimama pale na jani mkononi. Kwa maisha yake yote alikuwa ameona wivu kwa ajili ya ulimi, jina na tone la kwanza. Sasa alimwonea wivu Faki, mtu aliyekaa mbele ya koki na kuaminiwa.

Akaliweka jani kikapuni, akainama kuchuma jingine.